HER2 3+ katika majibu ya mama: je, maana yake saratani imeshasambaa?

Swali la msomaji wetu wa Tanga, kwa ufupi, ni hili. Mama yake mwenye umri wa miaka 52 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto, akatolewa kipande cha nyama kwa sindano nene, na baada ya wiki kadhaa akakabidhiwa karatasi yenye maneno haya: saratani vamizi ya mirija, daraja la 3, ER hasi, PR hasi, HER2 3+, Ki-67 asilimia 40. Ndugu mmoja aliyeisoma akasema kwamba HER2 ndiyo "protini ya kusambaza" na kwamba daraja la 3 ni ugonjwa uliokwishafika mbali. Mwingine akashauri kipimo cha damu kiitwacho CA 15-3, kikaja na jibu la 18, ambalo maabara imeliita la kawaida, na familia ikapumua. Shangazi naye hataki kusikia habari ya upasuaji, kwa kuwa anaamini sindano ndiyo iliyouchokoza ugonjwa. Msomaji anauliza nani kati yao yuko sahihi, na protini hizi zina kazi gani hasa katika kusambaa kwa saratani ya matiti.

Dada, pole sana kwa kuuguliwa na mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi: katika karatasi uliyoninakilia hakuna hata neno moja linalosema kwamba saratani imetoka titini na kwenda kwingine. Daktari wa patholojia, na hiyo ndiyo kazi yangu, hupokea vijipande vyembamba kama njiti ya kiberiti, na kwa vijipande hivyo anaweza kueleza seli zina sura gani, zinagawanyika kwa kasi gani na zimebeba protini zipi. Ini, mapafu na mifupa ya mgonjwa havioni. Neno "daraja" ndilo linalowapotosha wengi. Daraja, kuanzia 1 hadi 3, hupima jinsi seli zilivyoacha kufanana na seli za kawaida za titi, na la 3 ni la zile zilizoharibika sura zaidi na zinazogawanyika upesi. Kinachopima ugonjwa umefika wapi ni hatua, kuanzia 1 hadi 4, nayo hupatikana kwa kupima ukubwa wa uvimbe, kuchunguza tezi za kwapani, zile tuziitazo mitoki zikivimba, na inapohitajika kupiga picha za kifua, ini na mifupa. Mgonjwa anaweza kuwa na daraja la 3 katika hatua ya 1, na mwingine akawa na daraja la 1 ilhali ugonjwa umeshaingia mifupani.

Sasa nije kwenye protini zenyewe. Usemi wa "protini ya kusambaza" unanitia shaka kwa sababu kusambaa si tendo moja. Ili seli ya titi ikaishi ndani ya ini, lazima kwanza iachane na jirani zake, itoboe utando unaouzunguka mrija wa maziwa, ipenye hadi kwenye mshipa wa limfu au wa damu, ivumilie msukosuko wa mkondo huo na askari wa kinga wa mwili, itoke tena nje ya mshipa mahali pengine, kisha ikubaliwe na tishu za ugenini kiasi cha kuota na kukua. Seli nyingi mno hufia njiani, na hatua karibu zote za safari hiyo zina protini zake.

Mfano mzuri wa mwanzo wa safari hiyo ni E-kadherini, protini inayozishikamanisha seli za titi kama chokaa inavyoshika mawe ya ukuta. Katika saratani ya vijitezi vinavyotengeneza maziwa, ambayo ni aina ya pili kwa wingi baada ya ile ya mirija aliyo nayo mama, jeni ya protini hii mara nyingi huwa imeharibika, na matokeo yake yanaonekana wazi kwenye hadubini: seli hazikai kwa vikundi bali hutambaa moja moja kwa mstari, kama siafu. Ndiyo maana saratani ya aina hiyo mara nyingi haifanyi donge linalopapasika mapema, na ikisambaa huweza kwenda mahali pasipotarajiwa kama utando wa tumbo, tumbo lenyewe au ovari. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kupotea kwa E-kadherini ndiko kunakofungua mlango wa kusambaa kwa saratani zote za matiti. Mambo yamekuwa magumu zaidi ya hapo. Saratani nyingi za mirija husafiri zikiwa bado na protini hiyo, na utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa panya na kwa seli za binadamu, ulionyesha kwamba katika saratani za mirija seli zilizonyang'anywa E-kadherini zilitambaa kwa wepesi zaidi lakini zilikufa kwa wingi kabla ya kuota makoloni mapya. Ninaitaja habari hii ili uone kwa nini sisi wa maabara hatuthubutu kusoma protini moja na kutabiri maisha ya mtu.

Baada ya kuachana, seli hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando na nyuzi za tishu zinazoizuia, halafu huingia kwenye mkondo. Swali la inakotua baadaye ni la zamani. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona jambo lisiloelezeka kwa mtiririko wa damu peke yake: ini lilikuwa limeshambuliwa mara nyingi, ilhali wengu, ambao nao hupata damu tele, ulikuwa salama kwa wengi wao. Akasema seli ya saratani ni mfano wa mbegu, na mbegu huchukuliwa na upepo kila upande, lakini huota tu pale udongo unapoikubali. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya kupatikana sehemu ya maelezo katika lugha ya protini. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba seli nyingi za saratani ya titi hubeba kipokezi, yaani protini ya kupokea ishara, kiitwacho CXCR4, na kwamba kemikali inayokivuta kipokezi hicho, CXCL12, hutolewa kwa wingi na mapafu, ini, uboho na tezi za limfu, yaani kulekule ugonjwa huu unakopenda kwenda.

Mfupa una hadithi yake, nayo ni ya kikatili. Seli ya saratani ikifika huko hutoa protini inayofanana na homoni ya kuratibu madini ya kalisi, ambayo huwaamuru wajenzi wa mfupa watoe protini nyingine iitwayo RANKL, na hiyo huamsha seli zinazobomoa mfupa. Mfupa unapobomolewa, virutubishi vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake huachiwa, navyo huilisha saratani, ambayo huzidi kubomoa. Mzunguko huo ndio unaoleta maumivu na mifupa kuvunjika kwa jambo dogo, na ndio sababu zipo dawa zinazotolewa ili tu kuwafunga mikono wabomoaji hao, hata kama hazigusi saratani yenyewe.

Protini zote nilizozitaja kuanzia E-kadherini hadi RANKL, isipokuwa E-kadherini tunapotaka kutofautisha aina mbili za saratani, hazipimwi kwa mgonjwa wa kawaida. Ni elimu ya watafiti. Zile nne zilizo kwenye karatasi ya mama zilichaguliwa kwa kigezo kingine kabisa: kila moja ina uamuzi wa tiba unaoitegemea.

HER2 ni kipokezi kinachokaa kwenye utando wa nje wa seli, nusu yake ikitazama nje na nusu ndani. Cha ajabu ni kwamba, tofauti na ndugu zake, hakina mjumbe wake maalumu kinayemsubiri. Kazi yake ni kuungana na vipokezi vingine vya ukoo huohuo, hasa HER3, na muungano huo hupeleka ndani ya seli amri ya kukua, kutokufa na kutembea. Seli ya kawaida ya titi huwa na vipokezi hivi kama 20,000. Katika saratani ya HER2 jeni yake huwa imejinakili mara nyingi, na idadi ya vipokezi huweza kufikia milioni 2 kwa seli moja, msongamano ambao huvifanya viungane vyenyewe bila kuitwa na mtu. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake walichunguza uvimbe wa wanawake 189, wakakuta jeni hiyo imejirudufu kwa takriban 30 kati ya 100, na wanawake hao ndio waliorudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema. Siku hizi tunakadiria wagonjwa wa aina hii ni 15 hadi 20 kati ya 100. Kwa hiyo ndugu yako hakubuni: kuna wakati HER2 ilikuwa habari mbaya tupu.

Ila habari yake imepitwa na miaka. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumabu, kingamwili iliyotengenezwa ili kukamata kipokezi hiki peke yake, kwanza kwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeshasambaa. Mwaka 2005 yakachapishwa matokeo ya majaribio makubwa kwa wagonjwa ambao bado haijasambaa, na ikaonekana kwamba kuongeza dawa hiyo kwenye tiba ya kemikali kwa muda wa takriban mwaka 1 hupunguza hatari ya ugonjwa kurudi kwa karibu nusu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, na tangu wakati huo zimekuja dawa zilizotengenezwa na viwanda vingine kwa kufananishwa nayo, ambazo bei yake ni nafuu, ingawa sithubutu kuiita rahisi. Daktari wa saratani anayesoma 3+ leo, kabla ya kuwaza hatari, anawaza namna ya kuipata dawa hiyo.

Alama hiyo ya 3+ nayo ina maana mahususi. Tunapaka kipande cha nyama kingamwili yenye rangi, kisha tunatazama ni seli ngapi zimezungukwa na rangi na kwa ukolezi gani. Tukikuta duara kamili na lililokolea katika zaidi ya seli 10 kati ya 100, tunaandika 3+. Jibu la 2+ ndilo la shaka, nalo hudai kipimo cha ziada cha kuhesabu jeni yenyewe, ambacho si kila maabara inacho na gharama yake ni kubwa. Mama hana haja nacho. Mtu akiwaambia mkilipie, muulizeni sababu.

Kuhusu ER na PR nitasema machache. Hivi ni vipokezi vya homoni za kike, istrojeni na projesteroni, na kwa kuwa kwa mama vyote viwili ni hasi, vidonge vya tamoksifeni ambavyo huenda mnamjua mama mwingine anayevitumia havitamsaidia. Kuna tofauti moja ya wakati inayofaa kujulikana: saratani zisizo na vipokezi vya homoni, zikirudi, hurudi zaidi katika miaka michache ya mwanzo, ilhali zenye vipokezi hivyo huweza kukaa kimya miaka 10 au hata 20 kisha zikaibuka, mara nyingi mifupani.

Ki-67 huonekana ndani ya kiini cha seli iliyo kwenye maandalizi ya kugawanyika, na asilimia 40 maana yake ni seli 40 kati ya kila 100 zilizokuwa na shughuli hiyo siku sampuli ilipochukuliwa. Jina lenyewe ni la kienyeji kabisa: Ki ni Kiel, mji wa Ujerumani, na 67 ni namba ya kishimo cha sahani ya maabara ambamo kingamwili hiyo ilipatikana. Kipimo hiki kinaeleza kasi, hakielezi umbali. Tena maabara mbili zinaweza kutofautiana katika kukihesabu, kwa hiyo nisingependa familia ibishane kuhusu 40 au 35. Seli zinazogawanyika haraka, kwa upande mwingine, ndizo pia zinazoumizwa zaidi na tiba ya kemikali.

Nije kwenye CA 15-3, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari ya kweli katika barua yako, kubwa kuliko HER2. Hiki ni kipande cha protini yenye sukari iitwayo MUC1, inayofunika uso wa seli za titi na kumwagika kwenye damu. Wagonjwa wengi wenye saratani ya hatua za mwanzo huwa na kiwango cha kawaida, na wapo hata ambao ugonjwa umesambaa lakini kipimo kinabaki chini. Kwa upande wa pili, homa ya ini, ini lenye makovu na uvimbe usio wa saratani huweza kukipandisha. Kazi yake halali ni kufuatilia mwenendo wa mgonjwa ambaye tayari inajulikana ugonjwa umesambaa, tena sambamba na picha na hali yake mwenyewe. Na hata hapo, katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo za tiba mpya kinaweza kupanda kwa muda kwa sababu seli zinazokufa zinamwaga protini zao. Jibu la 18 kwa hiyo haliwaambii kwamba ugonjwa haujasambaa. Ikiwa kwa kulitegemea mmeahirisha picha za kifua na ini, naomba mzirudishe kwenye ratiba wiki hii.

Shangazi namheshimu, na sipendi kumcheka, kwa sababu anachokieleza amekiona kwa macho: watu walikwenda hospitali, wakachomwa sindano au kukatwa, na baada ya miezi wakafariki. Asichokiona ni kwamba wengi wao walifika wakiwa wamechelewa, na safari niliyoieleza hapo juu ilikuwa imeanza kabla ya sindano. Ni kweli kwamba seli chache huweza kukokotwa kwenye njia ya sindano. Nimeziona mwenyewe kwenye hadubini. Lakini wagonjwa waliochunguzwa kwa sindano nene hawajaonekana kufariki mapema kuliko wengine, na bila sindano hiyo tusingejua kabisa kwamba mama ana HER2, wala dawa isingeandikwa.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza, nami nisingelala vizuri bila kulisema. Protini huoza. Kipande cha nyama kinapaswa kuingizwa kwenye fomalini, dawa ya maji inayozuia nyama kuoza, ndani ya saa 1 tangu kitolewe mwilini, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Nimewahi kupokea titi zima kwenye ndoo, limesafiri siku mbili kwa basi, na fomalini imefunika nusu yake tu. Sehemu ya juu ilikuwa imeshabadilika rangi. Katika nyama kama hiyo kipokezi cha istrojeni hupotea, maabara ikaandika "hasi" kwa uaminifu wote, na mgonjwa akanyimwa dawa ya bei nafuu ambayo ingemfaa kwa miaka. Vijipande vya sindano huwa na bahati zaidi kwa kuwa ni vyembamba na fomalini hupenya upesi. Hata hivyo, muombeni daktari amuulize mtu wa maabara swali moja: je, mirija ya kawaida iliyo pembeni mwa saratani kwenye sampuli hiyo ilishika rangi ya ER? Mirija hiyo hutakiwa kuwa nayo. Ikiwa ilishika, jibu la hasi la mama ni la kuaminika. Ikiwa haikushika, au haikuwepo, kipimo kirudiwe kwenye nyama itakayotolewa wakati wa upasuaji.

Mkifika kwa daktari wa saratani, iwe ni Ocean Road pale Dar es Salaam au KCMC Moshi, msishangae akisema upasuaji usubiri. Uvimbe wa HER2 unaozidi sentimita 2, au ulioshika tezi za kwapani, mara nyingi hutangulizwa tiba ya kemikali pamoja na trastuzumabu, ili upungue na ili ionekane kama dawa inafanya kazi. Kabla ya dripu ya kwanza mama apimwe moyo kwa ultrasaundi, na kipimo hicho kirudiwe kila baada ya miezi 3 hivi, maana dawa hii huweza kuudhoofisha moyo, udhaifu ambao mara nyingi hupungua dawa ikisimamishwa. Kwa kuwa molekuli yake ni kubwa na haipenyi ubongoni kwa urahisi, na saratani ya HER2 ina mwelekeo wa kwenda huko, basi kichwa kinachouma siku baada ya siku, kutapika asubuhi, degedege au upande mmoja wa mwili kulegea ni mambo ya kuripotiwa siku hiyohiyo, hata kama ni baada ya miaka. Na ikitokea ugonjwa ukarudi mahali pengine, ombeni sampuli mpya, kwa kuwa protini za saratani iliyosambaa si lazima zifanane na zile za titini. HER2 huweza kupotea, na ER huweza kubadilika.

Mwisho, ulizeni maabara iliyompima mama kama bado wanacho kile kibonge cha nta ambamo vijipande vyake vimehifadhiwa. Ni mali ya uchunguzi wake, kinaweza kupimwa upya hata baada ya miaka, na hospitali ya rufaa huenda ikakihitaji. Kinaingia mfukoni. Kifungeni kwenye karatasi, kiandikwe jina na namba ya sampuli, na njiani kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu nta huyeyuka.